Gita la Kapteni

Asubuhi ile mke wa fundi alikuwa amemnunia mumewe, na katika nyumba ile kununa kulikuwa na hatari kuliko katika nyumba za watu wengine. Kwingine mke akinuna, mume anakunywa chai iliyopoa, mambo yanaisha. Hapa mke akinuna, kazi inaharibika, na kazi ikiharibika hakuna wa kulaumiwa mbele za watu isipokuwa fundi mwenyewe.

Fundi alikuwa ameinama juu ya gita la umeme lililolala kifudifudi mezani, mgongo wazi, chuma cha kulehemu kikifuka moshi mkononi mwake. Gita lile aliliunda tangu mwanzo. Mwili aliuchonga kutoka ubao wa benchi kuukuu, mzito, uliokauka vizuri. Shingo ilitoka kwenye gita jingine lililopasuka. Vigingi vya kukazia nyuzi, swichi, vifungo vya kupandisha na kushusha sauti, vyote vililetwa na mwenye gita ndani ya mfuko wa plastiki, kila kimoja na ukoo wake. Hata pikapu mbili, vile visanduku vyembamba vyenye sumaku na waya uliosokotwa vinavyokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo, hazikuwa ndugu. Moja ilitolewa kwenye gita la zamani, nyingine ilikuwa mpya kabisa, na rangi za nyaya zao hazikufanana hata kidogo.

Mtaani walimwita Sikio. Jina hilo hakulipata kwa kubembeleza. Enzi zake mtu alikuja na redio inayokoroma, na kabla hajafika mlangoni fundi alikwisha kusema kilichoungua ni nini. Wanamuziki walimletea magita wakamwachia bila maelezo, wakijua atasikia mwenyewe linaumwa wapi. Kisha masikio yakaanza kumuaga, moja baada ya jingine. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba, kengele za baiskeli na ndege wa alfajiri. Baadaye zikafuata sauti za watoto, za wanawake, na mwisho hata za wanaume wenye vifua. Alibaki na jina tu, na aliyejua hivyo duniani ni mkewe peke yake.

Walikuwa wamejipangia namna yao ya kuishi na siri hiyo. Mke alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa mlangoni pa karakana, mahali ambapo fundi aliiona bila kugeuza shingo. Mteja akija kujaribu kitu chake, mke anashona. Gurudumu la cherehani likizunguka, sauti ni safi. Likipunguza mwendo, kuna mkwaruzo. Likisimama kabisa, kuna kasoro kubwa, na hapo fundi hukunja uso kama mtu aliyesikia jambo baya, akasema, "Hapana, hapana, bado," na wateja wakatikisa vichwa kwa kustaajabia sikio lile. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Asiyemwona mdomo vizuri alimjibu kwa kicheko, na kwa kuwa watu wengi hupenda kuchekewa, mambo yalikwenda.

* * *

Chanzo cha kununa kilikuwa mezani, jioni iliyotangulia. Walikuwa wanakula watatu, fundi, mkewe na binti yao, ambaye alikuwa karani katika ghala la vifaa vya ujenzi. Binti alikuwa amerudi mapema, kimya, macho mekundu. Alinyanyua kikombe, akakishikilia mdomoni, na akiwa hapo hapo nyuma ya kikombe akasema, "Baba, wameniachisha kazi."

Fundi akatabasamu. "Hongera sana, mwanangu," akasema. "Kaza buti hapo hapo."

Binti alikiweka kikombe chini, akamtazama baba yake kwa muda, akainuka akaenda chumbani. Mke alimfuata, akamkuta ameukumbatia mto. "Mama, nimemkosea nini?" aliuliza. "Miezi yote hii nikimwita hageuki. Nikimsalimia anapita. Leo anafurahi nimefukuzwa. Kama hanitaki hapa nyumbani si aseme?"

Mke alirudi kwa mumewe, ambaye alikuwa ameingia chumbani kwao, akaufunga mlango, akasimama mahali ambapo mwanga ulimwangukia usoni. "Unajua umemjibu nini mtoto?"

Alipoambiwa, fundi alikaa kitandani. Sura ilimsinyaa. Lakini alipofungua mdomo hakusema alichotarajiwa kusema. "Mwambie nilikuwa natania."

"Mwambie wewe kwamba husikii."

"Nikimwambia, atamwambia rafiki yake. Rafiki yake ana mama, na mama huyo ana midomo miwili. Kesho mtaa mzima unajua. Nani atampa fundi kiziwi redio yake? Nani atampa gita? Mimi ni Sikio, mama. Siku nikiacha kuwa Sikio, kibao kile cha mlangoni chenye jina langu tukitie jikoni tuchemshie maji."

"Kwa hiyo mtoto aendelee kuamini kwamba humpendi."

Fundi aligeuza uso kuutazama ukuta, na kwa mtu kama yeye kugeuza uso ni kufunga mazungumzo. Ungeweza kumwaga matusi ya dunia nzima nyuma ya kisogo chake, yeye akajilalia. Mke hakumwaga kitu. Alinyamaza, na asubuhi bado alikuwa amenyamaza.

* * *

Kwa hiyo fundi alimaliza gita peke yake. Siku nyingine angemwita mkewe, angechomeka gita kwenye amplifaya, angepiga, na mkewe angemwambia. Lakini amplifaya ya karakana ilikuwa imefumuliwa, na mke alikuwa jikoni akigonga sufuria, jambo ambalo fundi hakulisikia lakini aliliona usoni mwake alipopita kuchukua maji.

Alijipa moyo kwamba si lazima. Alichukua mita yake, akagusisha ncha kwenye nyaya za pikapu ya kwanza, sindano ikapanda. Akagusisha kwenye ya pili, ikapanda. Waya ni mzima hapa, ni mzima pale. Kisha akafanya alichokuwa anakifanya siku zote akiwa peke yake. Alinyanyua gita, akaliegemeza taya lake kwenye ubao wa mwili, akapiga uzi mmoja mmoja. Sauti ilipanda kupitia mfupa hadi ndani ya kichwa, nene, tamu, yenye mkia mrefu. Wapita njia waliomwona wakati kama huo walidhani anaikagua shingo kama imenyooka. Yeye alikuwa anasikiliza, na alichosikia kilimfanya karibu alie kwa furaha. Ubao ule wa benchi ulikuwa unaimba.

Ni kosa ambalo fundi mwenye masikio asingelifanya, na fundi kiziwi mwenye mke asiyenuna asingelifanya pia. Mfupa ulimwambia habari za mbao na nyuzi. Haukuweza kumwambia habari za umeme, kwa sababu umeme hauimbi ndani ya ubao. Na mita ilimwambia kwamba kila waya ni mzima, haikumwambia kila mmoja umeelekea wapi. Alifunika mgongo wa gita, akakaza skrubu zote, akalipangusa kwa kitambaa laini.

"Mita haidanganyi," alijisemea kwa nguvu kuliko alivyodhani. Mkewe alimsikia kutoka jikoni, akabinua midomo.

* * *

Kapteni alifika kabla ya wakati. Alikuwa kiongozi wa bendi, mtu wa makeke na viatu vinavyong'aa, na jioni ile bendi yake ilikuwa inafungua ukumbi mpya. Alikwisha kuwatangazia watu kwamba atapanda jukwaani na gita ambalo hakuna mwenzake analo. Nyuma yake alikuja mpiga besi wake, kijana mpana mwenye uso wa dharau, amejitwisha amplifaya begani.

"Fundi Sikio! Mtoto amezaliwa?"

"Amezaliwa, tena analia vizuri," fundi alijibu, maana swali hilo alilitarajia na mdomo wa Kapteni ulikuwa mkubwa, rahisi kusomeka.

Mke alikuwa ameshakaa mlangoni. Alipowaona wageni wakishuka barabarani aliacha sufuria, akaja, akatia kitambaa chini ya sindano. Kununa ni kununa, lakini kazi ni kazi. Binti naye, ambaye siku ile hakuwa na pa kwenda, alileta viti viwili, akabaki amesimama kando ya mlango wa ndani.

Amplifaya ikawashwa. Kapteni alivaa gita, akateremsha swichi kwenye pikapu ya shingoni, akapiga. Sauti ikajaa karakana, nzito, ya kifuani. Mke aliusikia uzuri wake hadi kwenye nyayo, na gurudumu likazunguka kwa haki kabisa. Kapteni akapandisha swichi kwenye pikapu ya pili. Sauti ikawa kali, yenye meno, safi. Gurudumu likazunguka, pia kwa haki.

"Wewe mtu wewe!" Kapteni alicheka. Akamgeukia mke, kwa wema tu, mtu mwenye furaha anayetaka kuigawa. "Shemeji, unasikiaje hapo? Sema ukweli."

Mke alifungua mdomo ajibu. Fundi akawahi. "Huyo? Usimsumbue bure, Kapteni. Huyo masikio yake ni ya kutundikia hereni."

Kapteni akaangua kicheko. Mpiga besi akacheka puani. Utani ule haukuwa mpya. Ulikuwa sehemu ya mchezo, uliotungwa zamani ili pasiwe na mtu wa kushuku, na mara ya kwanza ulipotumika walicheka wote wawili wakiwa chumbani hadi machozi. Siku ile haukuchekesha. Mke alimwona binti yake kando ya mlango, amekunja mikono, na akamsikia akisema, taratibu, "Baba siku hizi ana utani sana."

Mke alikuwa na hasira, hilo lisemwe wazi, hasira ya usiku mzima na ya miaka pia. Mguu wake ulikuwa unakanyaga pedali, kitambaa kikipita, mshono ukinyooka.

Kapteni akaiweka swichi katikati, pikapu zote mbili pamoja, akapiga.

Sauti ikakonda. Ule uzito wote wa kifuani ulitoweka, yakabaki malalamiko membamba, sauti ya mtu aliyebanwa pua akiongea ndani ya ndoo. Mke hakujua sababu, lakini kwamba ni mbaya, alijua mara moja. Mguu wake ulipaswa kusimama.

Haukusimama.

Fundi alilitazama gurudumu, akaliona linazunguka vizuri. Akajinyoosha, akaweka mikono kiunoni. "Unaona sasa? Hapo katikati ndipo penye utamu wenyewe."

Kapteni alimtazama. "Utamu?"

"Nimepatafuta hapo kwa muda mrefu."

Kapteni akapiga tena, polepole, akiwa ameinamisha kichwa. "Fundi, hii ni sauti ya mbu."

Fundi aliuona mdomo, akaona neno mbu, akadhani amelisoma vibaya. Akalitazama gurudumu. Linazunguka. Likampa ujasiri. "Kapteni, na wewe. Nimetengeneza magita watu wakiwa bado wanajifunza kufunga kamba za viatu. Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Jipe muda uizoee."

"Niizoee? Nina watu jioni hii, fundi. Unanichezea?"

Mpiga besi alikuwa anamtazama fundi kwa makini, kisha akamtazama mke, kisha akafuata macho ya fundi yalikokuwa yanakwenda kila mara. Akazunguka nyuma ya amplifaya, ambako fundi hakumwona. Akamkonyeza Kapteni. Akamtazama mke usoni, akaweka kidole mdomoni, na kwa mkono mwingine akachomoa waya wa gita.

Kapteni akaelewa. Akapitisha vidole juu ya nyuzi. Karakana ikajaa ukimya, nyuzi zikilia kidogo tu kama kijiko kwenye glasi.

Sasa mke alitaka kusimamisha. Hapana shaka kabisa kwamba alitaka. Lakini mguu ulikuwa umeshikwa na woga, ukaendelea kukanyaga peke yake kana kwamba si wa kwake. Gurudumu likazunguka, likazunguka.

"Umesikia?" fundi alisema kwa ushindi. "Sasa hivi imekaa sawa. Safi kabisa."

Mpiga besi alijitokeza mbele, waya ukining'inia mkononi mwake. Akaunyanyua ili uonekane vizuri.

"Gita halijachomekwa, mzee."

* * *

Gurudumu lilisimama wakati huo. Fundi aliuona waya, akaliona gurudumu lililosimama, akamwona mkewe ameinamisha macho, na akaelewa yote matatu kwa pamoja. Alikuwa na uso mpana, na mke alishuhudia damu ikiuhama.

"Baba," binti aliita kutoka nyuma yake.

Fundi hakugeuka.

"Baba!" Aliita kwa nguvu, hadi mtu mmoja barabarani akasimama. Fundi alikuwa bado anautazama waya. Binti akajiziba mdomo kwa viganja viwili. "Mungu wangu," akasema. "Kumbe jana. Kumbe siku zote hizi."

Kapteni alikuwa hajui acheke au apige mtu. Alilivua gita, akalilaza mezani kwa kishindo. "Nimempa kiziwi gita langu," alimwambia mpiga besi. "Mimi! Mtu mzima na akili zangu! Jioni hii nikapige nini, nikapige makofi?" Akaanza kuutafuta mfuko wake wa plastiki. "Fungua. Toa pikapu zangu, toa swichi yangu, toa kila kitu. Ubao baki nao."

Mke aliinuka. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko hasira yote aliyowahi kuwa nayo; alitaka mumewe aumbuke kidogo, ajifunze, hakutaka avuliwe nguo mchana kweupe. Alipita kati ya wale wanaume wawili, akasimama mbele ya mumewe, karibu, uso kwa uso. Kwa mara ya kwanza mbele ya wateja alizungumza naye jinsi walivyozungumza chumbani, taratibu, akiufungua mdomo.

"Moja moja ziko sawa. Nzuri sana. Zikiwashwa zote mbili, sauti inakonda."

Fundi alimtazama. Ilionekana atageuza uso. Hakugeuza. "Inakonda vipi? Inakwaruza?"

"Haikwaruzi. Uzito unaondoka. Inabaki pua tu."

"Uzito wote?"

"Wote."

Fundi alisimama akifikiri, na kufikiri kukamrudishia rangi kidogo. "Chomeka," alisema.

"Hachomeki mtu hapa," alisema Kapteni.

Binti ndiye aliyechomeka. Alimpokonya mpiga besi ule waya bila kuomba, akauchomeka, akalipakata gita vibaya kama anayepakata mtoto wa mtu. Na fundi, mbele ya Kapteni, mbele ya mpiga besi, mbele ya wapita njia watatu ambao sasa walikuwa wamesimama kabisa mlangoni, alipiga magoti sakafuni. Aliikumbatia amplifaya kwa mikono miwili, akaliegemeza taya lake kwenye ubao wake, akafumba macho.

Mpiga besi akacheka. Mlangoni mtu naye akacheka.

"Piga," fundi alisema.

Mke alimwonyesha binti kwa mkono. Binti akapiga, swichi ikiwa chini. Kisha juu. Kisha katikati. Fundi, macho yamefumbwa, alinyanyua kidole: tena. Chini, juu, katikati. Mshipa ulikuwa umemtoka kwenye paji. Mke hakujua kama ni kwa kusikiliza au kwa kuvumilia vicheko vya mlangoni ambavyo hakuvisikia ila alivihisi, maana mtu hahitaji masikio kujua kwamba anachekwa.

Alifumbua macho. "Zinapigana," alisema. "Moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Nyaya za hii mpya nimezigeuza, wa mbele nimeuweka nyuma." Aliinuka akijishika goti. "Nilidhani waya wa rangi ile ndio wa ardhi, wa kurudishia umeme. Kila kiwanda kina rangi zake. Siku zote nageuza, nasikiliza…" Hakumalizia kwamba siku zote mkewe ndiye aliyesikiliza.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alifungua mgongo wa gita, akapasha chuma cha kulehemu, akazibandua nyaya mbili za pikapu mpya, akazibadilisha mahali. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Mikono ya fundi yule ilikuwa haina habari na yaliyompata mwenyewe. Kapteni alisimama nyuma ya bega lake muda wote, mfuko wa plastiki mkononi.

Kapteni alipolipiga safari hii, swichi katikati, mtu wa mlangoni aliyekuwa anacheka aliacha. Ilikuwa sauti ya watu wawili wanaosema neno moja. Kapteni alijaribu kuubana uso wake usionyeshe kitu, akashindwa. Alipiga, akapiga tena, akasahau kukasirika. Fundi hakuutazama mkono wake wala mdomo. Alimtazama mkewe, na mkewe akaitikia kwa kichwa, wazi, kila mtu akaona.

Kapteni alilichukua gita. Malipo alimpa mke mkononi, akampita fundi kama anayekwepa meza, kisha pale barabarani akajirudi. Pengine alijisikia vibaya. Alimkaribia fundi, akaweka viganja kandokando ya mdomo na kupaza sauti, akikata neno moja moja kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"A-SAN-TE, FUN-DI! KA-ZI NZU-RI!"

Upande wa pili wa barabara watu walitoka nje ya maduka kutazama kuna nini. Na hiyo, kwa bahati mbaya, fundi aliisikia.

* * *

Wapita njia walitawanyika na habari zao. Mke alianza kuokota vipande vya waya sakafuni, ingawa kufagia kungekuwa rahisi zaidi. Fundi alikaa kwenye kimoja cha viti vya wageni.

"Gurudumu lilikuwa linazunguka," alisema.

Mke aliendelea kuokota. "Nilisikia ni mbaya. Nikaliacha makusudi. Mara ya kwanza nililiacha makusudi, mara ya pili nilishindwa."

"Sikuoni mdomo."

Ilimbidi ainuke, amgeukie, aseme tena, na kulisema jambo kama lile mara mbili ni adhabu tosha. Alilisema. Kisha akaongeza ambalo hakulisema mara ya kwanza. "Nimechoka kuwa masikio yako na kuwa mjinga wako kwa wakati mmoja. Chagua moja."

"Umenimaliza, mama."

"Najua." Alikuwa anatokwa na machozi. Alikuwa pia amepata wepesi fulani kifuani, kama aliyetua mzigo, na wepesi huo ulimtia haya kuliko kitu kingine chochote alichokifanya siku ile. "Najua nilichokufanyia. Sitasema sikujua."

Binti alikuja akachuchumaa mbele ya baba yake, akasubiri hadi macho yake yakamfikia mdomoni. Hakujua kasi ya kutumia, akaongea taratibu mno. "Jana nilikwambia nimeachishwa kazi, baba."

"Mama yako aliniambia. Nikakujibu hongera."

"Na kaza buti."

Fundi alijifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika. Binti alimtazama mama yake kwa hofu, asijue ni kilio au ni nini. Kisha akaisikia sauti inayotoka nyuma ya viganja, kicheko kibaya, chenye kamasi, naye akajikuta anacheka huku amemshika baba yake magoti. "Hongera!" alisema. "Mtu nimefukuzwa kazi! Hongera!"

Walikuwa bado katika hali hiyo mama mmoja wa mtaa wa nyuma alipojitokeza mlangoni, redio yake ameikumbatia kifuani. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Aliwatazama wote watatu, kisha akamwelekea mke, akaongea kwa sauti ya chini, juu ya kichwa cha fundi, kama watu wanavyoongea mbele ya mgonjwa.

"Fundi bado anapokea kazi? Maana huko nje nimesikia… sijui hata niseme nini."

Fundi hakuyapata maneno yenyewe, lakini aliipata namna yalivyosemwa. Aliinuka, akapangusa uso kwa mkono wa shati. Mke alijua anachotaka kufanya kabla hajakifanya, akataka kumshika mkono, akajizuia.

"Mama, mimi sisikii," fundi alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko chumba. "Miaka mingi sasa. Ukinitazama ukaongea, nakuelewa. Kutengeneza natengeneza mimi. Kusikiliza anasikiliza huyu, mke wangu. Ndivyo ilivyokuwa hata zile mara zote ulizoniletea. Redio ina nini?"

Yule mama akaitazama redio, akamtazama mke, akaipandisha redio juu kidogo kifuani. Kisha akageuka nusu kuelekea barabarani, akasema maneno machache haraka haraka, akaenda zake.

"Amesema nini?" fundi aliuliza. "Aligeuka, sikumwona."

Mke alisogea akasimama mbele yake. "Amesema haina haraka. Atapita kesho."

"Atapita?"

Jibu la kumtuliza lilikuwa tayari limefika ulimini. Miaka yote hakuwa akimsikilizia tu, alikuwa pia akimchujia. Watu walisema hivi, yeye akamfikishia vile, na fundi alilala usingizi mzuri. Safari hii alilimeza jibu hilo.

"Hapiti," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa, polepole. Lakini macho yake hayakuondoka mdomoni mwa mkewe. Alikuwa anangoja asikie na mengine.